Kununua hati ya kwanza ya hisa ya kale bila kupigwa: mwongozo kamili

Karibu wote wanaoniuliza kuhusu hati za kale za hisa na hatifungani wameteleza palepale. Wananunua kwanza, kusoma baadaye. Karatasi ikishafika ndipo wanagundua kuwa ni kazi ya printa ya juzi, au zimejaa sokoni kama vitumbua asubuhi, au (na hili ndilo linaloniuma) mtu amewaaminisha kwamba kuna benki Ulaya inayowasubiri na mamilioni. Hapa tunapindua mpangilio: unasoma, unapima, halafu ndipo unatoa hela.

Nitatumia uwanja mmoja tu kufundishia: makampuni ya kikoloni yaliyofanya kazi Kongo na Afrika Mashariki ya Wajerumani. Majina ya mahali tunayajua, karatasi nyingi bei yake si ya kutisha, na Kifaransa au Kijerumani chake kinasomeka ukishika maneno machache. Ukizimudu hizi, reli za Marekani na mikopo ya Urusi ya kifalme hazitakushinda.

Neno moja la kuelewana. Hisa ni sehemu ya umiliki wa kampuni. Hatifungani, ambayo Wakenya wengi huiita bondi, ni deni: kampuni au serikali imekukopa na inakulipa riba. Nikisema "hati" nazungumzia zote mbili.

## Vitu vya kuandaa

- Lenzi ya kukuza mara 10, ile wanayotumia masonara.
- Tochi ya kukagulia noti bandia, yenye mwanga wa zambarau.
- Rula ya sentimita.
- Mifuko angavu ya polyesta au polipropilini, ukubwa wa A3. Hati nyingi za Ubelgiji, kuponi zake za malipo zikiwa bado zimeshikana nazo, hazitoshi kwenye A4.
- Makaratasi magumu yasiyo na asidi ya kuweka nyuma ya kila hati.
- Penseli laini ya 2B. Kalamu ya wino isikae kabisa kwenye meza hiyo.
- Kipima unyevu kidogo cha ukutani na pakiti za silika jeli.
- Daftari.

Glovu za pamba usinunue. Zinaua hisia za vidole, na vidole ndivyo vitakavyochana ukingo wa karatasi. Nawa mikono, kausha vizuri, basi.

Selotepu, gundi, pini za stepla na mashine ya laminesheni viwe mbali. Nina hati moja ya Katanga niliyoipeleka kupigwa laminesheni mwaka wangu wa kwanza, nikijiona mjanja. Haitoki tena humo.

## Hatua ya 1: Hakikisha hati imekufa

Hatua hii huja kabla ya uzuri, bei na kila kitu, kwa sababu ina mitego miwili inayovuta pande tofauti.

Hati hai inayodhaniwa imekufa. Umefungua sanduku la marehemu babu, umekuta cheti cha hisa cha miaka ya 1960. Usikimbilie kukiuza kama kumbukumbu. Kampuni inaweza kuwa hai kwa jina jingine: Kenya Breweries ya 1922 ndiyo leo East African Breweries. Cheti kikiwa na jina la babu na kampuni ipo, huenda kuna hisa na magawio ambayo hayajachukuliwa. Anza kwa msajili wa hisa wa kampuni hiyo. Kenya kuna pia mamlaka ya mali za kifedha zisizodaiwa, UFAA, iliyotokana na sheria ya 2011. Nchi yoyote uliyopo, jiandae kwa shughuli ya mirathi, maana hutalipwa kwa kuonyesha karatasi tu.

Wakati unafuatilia, usirushe mtandaoni picha inayoonyesha jina, namba na sahihi. Hao wanaotafuta picha za namna hiyo wanajua wanachotafuta.

Hati iliyokufa inayouzwa kama hai. Hapa ndipo watu wanapolizwa. Mtu anakuonyesha hatifungani ya dhahabu ya China ya 1913, au ya Ujerumani ya miaka ya 1920, na hesabu ya riba ya karibu miaka 100. Anasema thamani yake ni mamilioni, ila kwa sababu ana shida kidogo atakuachia kwa dola 300. Baadaye kunaibuka "ada ya uhakiki", kisha "ada ya mhifadhi", kisha simu yake haipatikani.

Mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani, SEC, imeshawaonya wawekezaji kuhusu biashara hii ya "hatifungani za kihistoria". Urusi ya Kisovieti ilizikana hatifungani za kifalme mapema 1918. Za majimbo ya Kusini yaliyojitenga Marekani zilizikwa na katiba yenyewe, kupitia Marekebisho ya 14. Na zipo ambazo hazikuwahi kuwa halali hata siku moja: mwezi Februari 2012 maofisa wa Italia walitangaza kukamata, mjini Zürich, hatifungani bandia za Marekani zenye tarehe ya 1934 ambazo kwa maandishi yake zilifikia dola trilioni 6. Karatasi kadhaa kwenye masanduku, na thamani inayozidi uchumi wa bara letu zima.

Swali la kumuuliza muuzaji ni jepesi: kama inalipwa, mbona hujaenda kulipwa wewe?

Umefaulu ukiweza kuandika sentensi hii na kuimaliza: "Kampuni hii ilifungwa, au deni hili lililipwa, au lilikanwa; nanunua hati kama kumbukumbu, na naridhika nisipopata senti kutoka kwa aliyeitoa."

## Hatua ya 2: Chagua mada nyembamba

"Afrika" si mada. Ni bahari. Chagua kitu ambacho hati kumi zake zikikaa pamoja zinazungumza.

Ukitaka reli za upande wa Kongo wanakozungumza Kiswahili, anza na Compagnie des Chemins de fer du Congo supérieur aux Grands Lacs africains, maarufu kama CFL, iliyoanzishwa 1902 chini ya tajiri wa Ubelgiji, Baron Empain. Ndiyo iliyojenga vipande vya Stanleyville hadi Ponthierville (Kisangani na Ubundu za leo), Kindu hadi Kongolo, na Kabalo hadi Albertville, yaani Kalemie. Ukitaka madini, kuna Union Minière du Haut-Katanga ya 1906. Upande wa Wajerumani, reli ya kati iliyotoka Dar es Salaam ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kuna makaratasi ya reli, ya Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft (Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki), na ya mashamba ya Usambara.

Za Kongo ni nyingi na nafuu, kwa kuwa zilichapwa kwa wingi kuuziwa wananchi wa kawaida wa Ubelgiji. Za Kijerumani ni chache na zinauma mfukoni. Kwa anayeanza nasema Kongo, bila kusita.

Kuna wanaoniuliza kwa nini nahifadhi makaratasi ya watu waliowakata mikono wenzetu kwa ajili ya mpira. Hatifungani ya État Indépendant du Congo, yaani Kongo ya Mfalme Leopold, ya 1888, ile ya faranga 100 yenye bahati nasibu ndani yake, mimi naiita risiti. Inaonyesha nani alichangia na aliahidiwa nini. Risiti haitupwi kwa sababu bidhaa ilikuwa ya wizi. Hapo ndipo inapohitajika zaidi.

## Hatua ya 3: Soma uso wa hati, juu hadi chini

Kaa hapa muda mrefu kuliko kwingine kote. Chukua picha ya hati yoyote ya Kongo inayouzwa mnadani, ikuze kwenye skrini, ufuate mpangilio huu ukiwa na daftari.

Jina la kampuni. Liandike lote, herufi kwa herufi. Makampuni ya kikoloni yalifanana majina kama watoto wa ukoo mmoja, na neno moja likibadilika kampuni ni nyingine na bei ni nyingine.

Aina ya hati. Kwa Kifaransa, *action de capital* ni hisa ya mtaji yenye thamani iliyoandikwa. *Part sociale* ni hisa isiyo na thamani ya faranga usoni. *Action de dividende* inadai gawio tu, na *part de fondateur* ni ya waanzilishi, kwa kawaida ilitolewa chache. *Obligation* ni hatifungani. Kwa Kijerumani, *Aktie* ni hisa, *Anteilschein* ni hati ya fungu, *Schuldverschreibung* ni hatifungani. Wauzaji wasiojua huita zote "bond". Hapo ndipo msomaji makini anapookota cha bei poa.

Ni ya nani. *Au porteur* au *auf den Inhaber* maana yake aliyeishika ndiye mwenyewe, kama noti. Hati hizi hazina jina la mtu. Zile za mtindo wa Kiingereza na Kimarekani kwa kawaida zina jina la mwenye hisa, mara nyingi kwa mwandiko wa mkono, na nyuma zina sehemu ya kuhamishia umiliki. Jina hilo ni mali ya historia. Wakati mwingine ndilo linalopandisha bei.

Tarehe, na hapa fungua macho. Hati inaweza kuwa na tarehe kadhaa, na ni moja tu inayosema karatasi ilitoka lini. Juu utaona *constituée*, siku kampuni ilipoundwa. Chini yake *statuts modifiés le...*, siku katiba ya kampuni ilipobadilishwa, pengine mara tano. Tarehe ya kutolewa ipo chini, karibu na sahihi, baada ya jina la mji: *Bruxelles, le...*

Wauzaji wengi husoma ya juu tu. Wataandika "Union Minière 1906, nadra sana" kwenye karatasi iliyotolewa miaka thelathini baadaye. Kanuni ni hii: hati haiwezi kuwa kongwe kuliko badiliko la mwisho la katiba lililochapwa juu yake. Ukiishika kanuni hiyo moja, umeshaokoa nusu ya fedha ambazo wageni wa kazi hii hupoteza.

Kuponi. Hivi ni vipande vidogo vya kukata, kimoja kwa kila malipo. Kwenye hatifungani, kuponi kwa kawaida zina tarehe, kwa sababu riba inajulikana mapema. Kwenye hisa zina namba tu, maana gawio halijulikani hadi litangazwe. Kwa hiyo angalia kuponi ya kwanza iliyobaki kwenye hatifungani: inakuambia malipo yalikoma lini. Hatifungani nyingi za Urusi zimebaki na kuponi kuanzia 1918, mkasi umesimama ghafla. Ukiiona mara ya kwanza utanyamaza kidogo.

Sahihi na mihuri. Nyingi kwenye hati za Kongo ni za kuchapwa. Stempu za kodi zilizobandikwa ni sehemu ya hati, usizibandue. Kwenye hisa za Kijerumani utakuta mihuri ya baadaye inayobadilisha thamani kutoka Mark kwenda Reichsmark, baada ya mfumuko wa bei wa 1923. Muhuri huo si uchafu. Unaonyesha kampuni ilikuwa bado inapumua katikati ya miaka ya 1920, ingawa mashamba na reli zilikuwa zimeshachukuliwa na Waingereza.

Umefaulu siku utakapojaza mistari yote hii kwa hati usiyoijua, ndani ya dakika kumi, bila kumuuliza mtu. Fanya zoezi kwa hati ishirini za mnadani kabla ya kununua hata moja. Najua ishirini ni nyingi. Fanya tu.

## Hatua ya 4: Pima kama ni halisi

Kipimo kimoja hakitoshi kuhukumu. Unatafuta vipimo vinavyokubaliana.

Namba kwanza. Namba ya hati ilipigwa na mashine nyingine baada ya karatasi kuchapwa. Kwa hiyo wino wake unatofautiana kidogo na maandishi mengine, mara nyingine imekaa upande, na ukiinamisha karatasi kwenye mwanga utaona imebonyea. Kwenye nakala, namba imelala bapa na wino uleule wa mapambo. Namba ya kwenye kuponi lazima ilingane na ya kwenye hati. Zisipolingana, acha.

Lenzi. Ukiona rangi imetengenezwa kwa vinukta vidogo vya buluu, waridi, njano na nyeusi vilivyopangana kama ua, wakati hati inajidai ni ya 1888, hiyo ni chapa ya zama zetu. Chapa ya zamani ina rangi iliyojaa au mistari iliyochongwa.

Kidole. Hati za Marekani zilizochapwa na American Bank Note Company zilichongwa kwenye bamba la chuma. Wino umeinuka na kidole kinausikia, kama noti mpya. Lakini tahadhari: nyingi za Ubelgiji zilichapwa kwa mawe, ziko bapa kabisa na ni halali. Usimtuhumu muuzaji wa Brussels kwa kipimo cha New York.

Tochi ya noti. Zima taa ya chumba, mulika. Karatasi nyingi za baada ya miaka ya 1950 zina kemikali ya kung'arisha na hung'aa buluu-nyeupe. Karatasi ya kabla ya hapo hubaki imefifia. Hati ya 1902 inayong'aa kama shati jeupe disko ni ya kuogopwa. Kipimo hiki hakisaidii kwa hati za miaka ya 1950 na kuendelea.

Mgongo. Geuza. Karatasi iliyokunjwa kwa miongo hubadilika rangi kwenye mikunjo, na wino mzito huacha kivuli upande wa nyuma. Hatifungani yangu ya kwanza ya 1888 nililipa euro 90, ikiwa ndani ya fremu nzuri yenye kioo. Muuzaji alinisihi nisiitoe "isije ikaharibika". Nilipoitoa baada ya miezi mitatu, mgongo ulikuwa mweupe kama daftari la darasa la kwanza. Ya kweli nilikuja kuipata kwa chini ya nusu ya bei hiyo. Tangu hapo sinunui kilicho ndani ya fremu bila kufunguliwa mbele yangu.

Unaponunua kwa mbali, omba picha nne: mbele yote, nyuma yote, namba kwa karibu mwanga ukitoka pembeni, na hati ikiwa na rula juu yake. Anayekataa picha ya mgongo ameshakujibu.

Onyo. Si kila nakala ni utapeli. Makumbusho na mabenki yamechapa nakala za zawadi, na zingine zilizeeka zikapoteza maandishi yanayosema ni nakala. Muuzaji anaweza kuwa mkweli na bado amekosea.

## Hatua ya 5: Tazama hali, na uelewe matundu

Minada hutumia alama: UNC ni kama mpya, EF ina dalili ndogo za kushikwa, VF imekunjwa ila ni safi, F imechoka. Kwa hati za Kongo lenga VF au zaidi, kwa kuwa zipo za kutosha kuchagua. Kwa za Kijerumani pokea hata F yenye kona iliyochanika; ukiisubiri nyingine unaweza kusubiri miaka.

Mikunjo miwili mitatu ni kawaida, hati zilikuwa kubwa na droo zilikuwa ndogo. Kuponi zilizokatwa pia si kasoro, zililipwa. Kasoro ni selotepu, ukungu, ukingo uliopunguzwa kwa mkasi ili uingie kwenye fremu, na karatasi iliyogundishwa kwenye kadibodi.

Matundu, mikato na mihuri ya *annulé* au *entwertet* maana yake hati ilifutwa rasmi. Wengine huzikimbia. Mimi naangalia yamepita wapi: tundu kwenye ukingo halinisumbui, tundu kwenye uso wa tembo aliyechorwa katikati linanisumbua. Hati za Kijerumani zenye matundu ni nyingi kwa sababu akiba kubwa ya makaratasi iliyokuwa kwenye maghala ya Reichsbank, benki kuu ya zamani ya Ujerumani, mjini Berlin ilitobolewa kabla ya kupigwa mnada kuanzia 2003.

Akiba hiyo ina somo jingine. Hati ambazo wakusanyaji walidhani ziko mbili au tatu duniani zilijitokeza kwa mamia. Muuzaji akikuambia "inajulikana moja tu", ongeza moyoni mwako neno "mpaka sasa".

## Hatua ya 6: Tafuta bei ya kweli

Thamani iliyochapwa usoni haihusiani na bei. Bei anayotaka muuzaji pia si bei. Ni ndoto yake. Bei ni kiasi ambacho hati kama hiyo, kwa hali kama hiyo, ilifungiwa mnadani. Tovuti nyingi za minada huonyesha matokeo ya nyuma. Tafuta matokeo matano, tupa la juu kabisa na la chini kabisa, tazama yaliyobaki.

Hati za kawaida za CFL au Union Minière mara nyingi hupatikana chini ya euro 20. Ukiombwa 150, lazima kuwe na sababu inayoonekana kwa macho: toleo la waanzilishi, namba ya chini sana, mchoro wa pekee, au sahihi ya wino ya mtu maarufu. Hati ya kampuni ya mafuta ya Standard Oil yenye sahihi ya mwanzilishi wake, John D. Rockefeller, ni mnyama mwingine kabisa, na kwa hizo ndipo sahihi za kughushi zinapojaa. Anayeanza asiguse.

Juu ya bei ya mnada ongeza ada ya mnunuzi, kwa kawaida asilimia 15 hadi 25, kisha posta. Ndiyo maana kununua hati moja ya euro 8 ni hasara: posta itaizidi. Nunua tano kwa muuzaji mmoja.

Wenzako wa kuulizana nao wapo. Chama cha kimataifa cha wakusanyaji hawa, International Bond & Share Society, kipo tangu 1978, na wanachama wake hupenda maswali mahususi. "Hii ni bei gani?" hawatakujibu. "Toleo hili la 1920 linatofautianaje na la kabla yake?" watakujibu kurasa mbili.

## Hatua ya 7: Ilete nyumbani

Mwambie muuzaji aiweke kati ya kadibodi mbili ngumu, ndani ya plastiki, asiikunje mkunjo mpya. Isajiliwe posta.

Kwenye fomu ya forodha yaandikwe maneno ya kweli: karatasi za zamani za kukusanya, zisizo na thamani ya kifedha, pamoja na bei halisi uliyolipa. Akiandika "bonds, 100.000 francs" bahasha yako itafunguliwa na utaitwa kuelezea utajiri usio nao. Kupunguza bei kwa udanganyifu nako kutakugharimu kifurushi kikipotea, maana utafidiwa kile kilichoandikwa.

Hati yenye muhuri wa nyaraka za taifa, maktaba au ofisi ya serikali iache ilipo hadi muuzaji aonyeshe ilitokaje. Majalada ya umma yanaibwa, na utakayekutwa nayo ni wewe.

## Hatua ya 8: Itunze katika hewa yetu

Miongozo ya Ulaya imeandikwa kwa nyumba zenye hewa kavu. Sisi wa Dar, Mombasa na Unguja tuna chumvi, joto na unyevu unaokaa juu ya asilimia 70 kwa miezi. Karatasi inataka karibu asilimia 50 au chini kidogo. Ikizidi 65 kwa muda, ukungu unaota. Huwezi kukausha nyumba nzima, kwa hiyo kausha boksi. Chukua boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana, weka silika jeli na kipima unyevu ndani, ukisome kila Jumapili. Silika ikijaa maji, ikaushe kwenye oveni moto mdogo, irudishe.

Boksi likae juu ya rafu, si sakafuni wala kwenye ukuta wa nje. Mchwa hawajali kama mapambo yake ni ya mtindo wa Art Nouveau.

Mifuko laini ya PVC, ile yenye harufu kali ya plastiki mpya, usitumie. Baada ya miaka inatoa kemikali na kunata kwenye wino. Vidonge vya nondo pia visiguse karatasi.

Hati mpya ikifika itenge. Ukihofia wadudu, ifunge kwenye mifuko miwili isiyopitisha hewa, iweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha iache irudi joto la chumba kwa siku nzima kabla ya kuifungua. Ukiifungua ikiwa ya baridi, hewa ya pwani itaibwagia maji.

Kuinyoosha, iweke kati ya karatasi safi za kunyonya na vitabu vizito juu, wiki mbili. Pasi hapana, hata iwe ya moto mdogo. Selotepu ya zamani usiing'oe. Itaondoka na maandishi.

Ukutani tundika nakala. Skani yako yenyewe, chapisha, tia fremu. Jua lipigane na karatasi ya shilingi mia tano.

Umefaulu ukilifungua boksi baada ya masika moja na kipimo kikawa chini ya 55, bila harufu ya kabati la kale na bila vumbi la unga kwenye kona.

## Hatua ya 9: Iandikie kumbukumbu

Hati moja, ukurasa mmoja wa daftari: jina kamili la kampuni, aina ya hati, tarehe ya kutolewa, namba, kuponi ya kwanza iliyobaki, vipimo kwa sentimita, hali, umenunua kwa nani, lini, kwa kiasi gani na posta. Chini yake acha nusu ukurasa mtupu. Humo utaandika utakayoyapata kuhusu mahali penyewe: stesheni ilikuwa wapi, leo inaitwaje, mzee gani alikusimulia nini. Hati zangu za CFL zilikaa na nusu ukurasa mtupu hadi nilipokutana na bibi mmoja wa Kalemie aliyekulia kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Sasa kurasa zimejaa na nimebandika za ziada.

Namba ya rejea iandike kwa penseli kwenye kipande cha karatasi kinachokaa ndani ya mfuko, kamwe si juu ya hati. Na nakala ya daftari mpe mtu mmoja wa nyumbani, umweleze kwa mdomo kilichomo kwenye boksi. Najua mkusanyiko mmoja ulioishia kuwashia jiko siku ya arobaini ya mwenyewe, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameambiwa.